Tumba Inayochelewa

4 Februari

Shemeji Nyundo,

Salamu kwako na kwa mke wako, ambaye najua ndiye atakayeisoma barua hii kwanza, maana wewe bahasha huwa unaifungua ikishazeeka. Mwambie simlaumu.

Ndani utakuta flashi. Usiitupe ukidhani ni takataka za dukani kwangu. Ina wimbo.

Ni hivi. Tangu binti yangu aniachie kompyuta yake ya zamani, nimeingiwa na wazimu mpya. Kuna programu ya kurekodi muziki, ya bure kabisa. Watu wameitengeneza huko waliko, wakaiacha wazi, kila mwenye shida achukue. Mimi nina shida, nimechukua. Unabofya kitufe chekundu, unaimba, na sauti yako inajichora kwenye skrini kama vilima. Ukinyamaza, tambarare. Ukikohoa, kilima kidogo cha aibu. Nimejifungia kwenye stoo ya duka, kule kwenye majora ya vitambaa vya sare za shule, maana nimegundua kitambaa kinameza mwangwi wote. Kati ya jora la kijani na jora la kijivu, shemeji, nasikika kama niko studio ya kweli. Wateja wakigonga, nasema napima.

Sasa nikwambie kilichonifanya nishike kalamu. Nyimbo za kaka yako hazikurekodiwa hata moja. Tulipiga kwenye kumbi zote zile, miaka yote ile, yeye na gita lake, mimi naimba, wewe kwenye tumba, na hakuna aliyekumbuka kubonyeza kitufe. Waliobaki wanaozijua ni mimi na wewe. Nikizisahau mimi, na wewe ukazisahau, mume wangu atakuwa amekufa mara ya pili. Ya kwanza nimeivumilia. Hiyo ya pili sitaiweza.

Nimepiga gita na kuimba kwa pamoja mbele ya maiki moja. Gita lenyewe unajua napiga la kubahatisha, nilijifunza kwa kumtazama yeye. Kazi yako ni tumba. Unavaa hedifoni, unanisikia, unapiga, na programu inarekodi tumba peke yake kwenye mstari wake. Kisha unanirudishia flashi kwa basi, mimi naweka vyote pamoja. Maelekezo nimeyaandika nyuma ya karatasi hii kwa herufi kubwa.

Simu usipige. Tangu sikio lako la kushoto liharibiwe na makelele ya gereji, tukiongea kwa simu majirani wanadhani tunagombania urithi.

Shemeji yako,
Chiriku

*

21 Februari

Chiriku wa majora,

Kwanza kabisa, bahasha niliifungua siku ileile. Mke wangu ni shahidi, na amekasirika.

Kompyuta nimechukua ile ya gereji, tunayohifadhia picha za magari yaliyobondeka. Nimeileta nyumbani, nikapakua hiyo programu yako, nikasoma maelekezo yako mpaka karatasi ikalainika. Chumba cha kulala hakitambuliki. Godoro nimelisimamisha ukutani, mablanketi nimeyatundika mlangoni na dirishani. Mke wangu aliporudi kazini akauliza kama tunahama. Nikamwambia hii ni studio. Akaniuliza, "Sawa, na studio italala wapi?"

Lakini nikwambie kitu. Nilikuwa nimesahau jinsi ninavyomkosa kaka. Mchana nafanya kazi, nanyoosha bodi za magari, Jumamosi alasiri napiga tumba na wale vijana wa ukumbi wa mtaa, siku zinakwenda, mtu anajiona amepona. Sasa hedifoni zilipoanza kutoa gita lako, hilo unaloliita la kubahatisha, nikasikia namna yake ya kuvuta nyuzi imo humo ndani. Umemwibia vidole, shemeji. Mikono yangu ikaanza yenyewe kabla sijaiambia. Nimepiga kwa raha ambayo hata ukumbini sijaipata siku nyingi.

Nimerudia mara kadhaa, nimekutumia ile niliyoiona afadhali. Isikilize, kisha uniambie ukweli. Usinibembeleze. Unakumbuka kaka alivyokuwa akiniita saa ya bendi. Wengine wote mliruhusiwa kukosea, mimi hapana. Nataka iwe hivyohivyo.

Wako,
Nyundo

*

6 Machi

Shemeji,

Nimesikiliza. Nimesikiliza tena, nikafunga duka mapema.

Upo palepale. Mikono ileile, utulivu uleule, na ule ujeuri wako wa kunyamaza kidogo halafu unarudi kana kwamba hukwenda kokote. Nimeweka pamoja na gita langu na nimekurudishia wimbo uliokamilika, uusikie mwenyewe. Mama mmoja aliyekuja kupimiwa sketi ya mwanawe alisimama katikati ya mlango akauliza ile ni redio gani. Nikamwambia ni redio ya familia, haishikiki kila mahali.

Uliomba ukweli, na ukweli ndio huo. Wala usijisumbue kuusikiliza kipande kwa kipande kama unakagua gari lililopata ajali. Sikiliza wimbo mzima, ufurahi, basi.

Nimeweka na wa pili, ule wa haraka ambao kaka yako alikuwa anauacha mwisho ili watu wasikae. Upige kama zamani. Mke wako mpe pole ya godoro.

Chiriku

*

22 Machi

Chiriku,

Nina jambo linanikera, na sitalizunguka.

Tumba ile ya kwanza, kabla sijakutumia, niliisikia hapa kwangu nikaona imechelewa. Si sana. Ni kama mtu anayeitikia salamu wakati wewe umeshapita. Nilirudia, na kila nikirudia nachelewa vilevile. Nikaituma kimyakimya nikingoja unigombeze. Wewe ukanisifu. Halafu wimbo uliokamilika umenifikia, nausikiliza, na kweli nimekaa sawasawa! Sasa nani anadanganya hapo, mimi au mimi?

Nimeamua ni sikio. La kushoto lilishakwenda, pengine la kulia limemfuata mwenzake. Baba yetu alikuwa na umri wangu huuhuu alipoanza kujibu leo maswali ya jana. Sikutaka kukuandikia haya, lakini wewe ukiwa mbali ni rahisi kukwambia kuliko kuwaambia watu wa humu ndani.

Ila usihofu, nimepata dawa. Huu wimbo wa pili nimeupiga kwa kutangulia. Pigo halijafika, mimi nimeshapiga. Mwanzoni ilikuwa tabu, mwili wote unakataa. Nikajizoeza mpaka gereji nikawa nagonga bodi kwa kutangulia, wenzangu wananitazama. Na imekubali! Nikiisikiliza na gita lako naona nimekaa barabara. Mke wangu anasema siku hizi nikipiga tumba nina sura ya mtu anayeogopa kuachwa na basi, lakini mke wangu hajawahi kusifia sura yangu hata tulipooana.

Niambie imekuwaje huko kwako.

Nyundo

*

3 Aprili

Shemeji Nyundo,

Umenikosha! Wimbo wa pili umefika nami nimeuimbia duka zima, na fundi wangu wa vifungo ameacha kazi akacheza. Nimeiweka tumba yako kwenye mstari wake, imekaa kama ilivyozaliwa, na safari hii sikuigusa hata kidogo. Mambo ya masikio tuwaachie wagonjwa. Mpiga tumba huyu si mgonjwa.

Sasa jikaze, maana nimeweka wa tatu. Unaujua. Ni ule alioutunga alipokuwa hawezi tena kuinuka, aliouimba kwa pua tu mimi nikitafuta nyuzi zake kwenye gita. Hatukuwahi kuupiga mbele ya watu. Wewe uliusikia siku moja, ulipokaa pembeni ya kitanda ukaupigia kwa vidole kwenye ubao wa kitanda, naye akatabasamu. Katikati una kimya kirefu, halafu kiitikio kinarudi. Nimeurekodi kwa shida. Kila nikifika kwenye kile kimya koo linafunga, nikajifanya natafuta mkasi.

Huu ndio ninaoutaka kuliko yote. Hizo mbili tulikuwa tunapasha misuli.

Chiriku

*

18 Aprili

Shemeji,

"Safari hii sikuigusa hata kidogo." Nimeisoma sentensi hiyo nimesimama mlangoni mwa gereji, wateja wananingoja. Kama safari hii hukuigusa, basi safari ile uliigusa.

Nilikwenda nyumbani mchana huohuo. Nikafungua wimbo wa kwanza ulioniletea, nikaweka na tumba niliyokupelekea mimi, nikavicheza kwa pamoja. Kila pigo linasikika mara mbili. Kwanza lako ulilolitengeneza, halafu langu linakuja nyuma. Uliivuta tumba yangu yote, toka mwanzo hadi mwisho, ukaniambia upo palepale.

Ningekasirika tu yakaisha. Lakini kuna la Jumamosi.

Nilikwenda ukumbini na ile dawa yangu, maana mikono sasa imezoea kutangulia. Wimbo wa kwanza, nikaona vijana wanatazamana. Wa pili, mpiga besi, yule muuza nyama mwenye adabu zake, akaniinamia akasema, "Mzee wangu, leo tunakimbizwa na nani?" Wakacheka kidogo, kwa heshima. Ile heshima ndiyo iliyonimaliza. Nikajitahidi kurudi nyuma, nikachelewa. Nikajaribu kuwahi, nikawapita. Katikati ya wimbo nikashusha mikono. Watazamaji wakapiga makofi, walidhani ni madoido.

Nyumbani nachelewa, ukumbini nawahi. Mpiga tumba asiyejua yuko wapi anawasumbua watu bure. Tumba zangu nimeziacha palepale ukumbini, watafute mwenye kuzipiga. Wimbo wa tatu sijaurekodi na sitaurekodi. Flashi nakurudishia kama ilivyokuja. Imba bila tumba, au tafuta mtu mwingine. Kaka hatajua.

Ungeniambia tu. Nilikuomba usinibembeleze, na kati ya watu wote nilikuomba wewe.

Nyundo

*

25 Aprili

Shemeji yangu,

Ni kweli, nilikuvuta.

Niliisikiliza tumba yako ya kwanza kule stoo, nikaisikia imechelewa, nikakaa kwenye kiti cha cherehani nikalia. Wimbo haukuwa umeharibika kiasi cha kuliliwa. Nililia kwa sababu nilifikiri, na huyu naye anaanza kuondoka. Halafu nikaona kwenye ile programu kuna namna ya kuukamata mstari mzima na kuuvuta. Nikauvuta. Ukakaa. Nikajiambia nimekusitiri, kumbe nimejisitiri mwenyewe. Niliogopa ukijua utaacha, na ukiacha nitabaki peke yangu na nyimbo ambazo nusu yake imo mikononi mwako. Mimi nina maneno na nyuzi tu. Maneno na nyuzi bila tumba yako si wimbo wa kaka yako, ni mjane anajiimbia dukani.

Unisamehe. Wala sikukuonea huruma kama unavyodhani. Nilikung'ang'ania.

Na usiseme kaka hatajua. Mimi nitajua, kila siku nitakayousikiliza.

Flashi narudisha tena. Sikulazimishi upige, kaa nayo tu. Nijibu, hata kama ni kwa kunitukana.

Chiriku

*

16 Mei

Shemeji,

Hujanijibu. Mke wako ameniambia kwa simu kwamba u mzima, unakula, na ukirudi kazini unakaa kimya. Amesema godoro limerudi kitandani na yeye hajafurahi kama alivyotarajia. Basi wewe nyamaza, mimi niseme. Hilo jina la Chiriku sikulipata kwa ububu.

Kwa kuwa sina tumba, niliona wimbo wa tatu angalau niuongezee sauti ya pili, nijiitikie mwenyewe. Sijawahi kufanya hivyo. Kila mara nimekuwa napiga gita na kuimba kwa mkupuo mmoja. Safari hii ilibidi nivae hedifoni, nijisikilize nilivyorekodi kwanza, niimbe juu yake, kama ulivyokuwa unafanya wewe.

Nikasikiliza. Nimechelewa.

Nikasema haya, na mimi nimezeeka, karibu kundini. Nikarudia nikijibana. Nimechelewa. Nikarudia nikiwa nimekasirika. Nimechelewa vilevile, kipimo kilekile. Hapo ndipo nilipoitafuta barua yako ya Machi. Uliandika, "kila nikirudia nachelewa vilevile." Mimi nililisoma neno hilo na nikalipita.

Shemeji, mimi nakata vitambaa. Mkono ukichoka, mshono leo unapindia huku, kesho unapindia kule. Lakini ukiona kila sketi imepungua upana uleule, usimlaumu mshonaji. Tazama futi ya kupimia.

Basi nikafanya hivi. Nilichukua hedifoni, sikuzivaa. Nikazifunga pamoja na maiki kwa kipande cha kitambaa, mdomo kwa mdomo. Nikaiambia programu icheze mlio wa tik-tik na papo hapo ijirekodi yenyewe. Mimi nikakaa mbali, mikono mapajani. Hakuna mtu aliyepiga chochote. Halafu nikatazama skrini. Mlio uliorekodiwa umekuja nyuma ya mlio wenyewe, kwa kipimo kilekile nilichochelewa mimi!

Ni mashine, shemeji. Sauti inatoka, inaingia tena kwa maiki, inapita kwenye matumbo ya kompyuta, na safari hiyo inachukua muda. Nikipiga gita na kuimba kwa pamoja huwezi kuuona, maana vyote vinachelewa sawa. Anayebebeshwa mzigo ni yule anayekuja baadaye, anayefuata kwa hedifoni. Na siku zote anayekuja baadaye ulikuwa wewe. Wimbo wa pili ulikaa kwa sababu ulitangulia, ukajikuta unafidia uvivu wa kompyuta. Ukaipeleka dawa hiyo ukumbini, mahali ambapo hakuna kompyuta ya kufidia.

Kwenye mipangilio ya programu kuna mahali pa kuandika huo muda, ili iwe inauondoa yenyewe. Pamekuwepo siku zote. Nimepapita mara nyingi nikidhani hapanihusu. Tazama mtu alivyo: nilikuwa radhi kuamini kwamba wewe umekwisha, kabla ya kushuku kompyuta kuukuu ya binti yangu. Hilo linaniuma kuliko hata lile la kukuvuta.

Usiniamini. Umeshaniamini mara moja ikakugharimu. Fanya mwenyewe hapo nyumbani, kwa mashine yako, maana kila moja ina uvivu wake. Maelekezo yako nyuma ya karatasi, kwa herufi kubwa.

Chiriku

*

30 Mei

Chiriku,

Barua yako ilikaa juu ya kabati haijafunguliwa. Mke wangu akaifungua, akanisomea upande wa sikio la kulia, kwa sauti ya mtangazaji. Nikasema sifanyi. Akasema basi atafanya yeye. Akaifunga hedifoni na maiki kwa soksi yangu, tukakaa kitandani wote wawili, mikono mapajani, kama wanafunzi walioitwa na mwalimu mkuu. Tik-tik ikalia. Akaikuza picha kwenye skrini, akasema, "Haya, mtazame mzee mwenzio anavyochelewa."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Halafu nikaona sicheki tena. Akanishika bega mpaka ikapita, na hakusema neno la utani, jambo ambalo kwake ni mzigo mkubwa.

Sina hasira na wewe. Nilikuwa nayo, na niliilisha vizuri, lakini imekonda.

Jumamosi nilikwenda kuchukua tumba zangu. Nilizikuta zimefunikwa kwa shuka, hakuna aliyezigusa. Sikuwaeleza vijana habari za programu, ningeanzia wapi? Nilikaa tu mahali pangu. Muuza nyama akaanza na besi yake, mimi nikaacha kukimbia, nikamsikiliza yeye. Haikuwa rahisi. Mikono ilikuwa bado inaitaka ile dawa, nikawa naizuia kama mtu anayezuia chafya. Ila kufikia wimbo wa mwisho hakuna aliyemtazama mwenzake. Tulipokuwa tunakunja nyaya, muuza nyama akaniuliza nilikuwa nimesafiri? Nikamwambia ndiyo, nimerudi.

Sasa sikiliza, na usome hapa kabla hujafungua flashi, ili usije ukakaa tena kwenye kiti cha cherehani.

Nimeurekodi wimbo wa tatu. Godoro limerudi ukutani. Ule muda nimeuandika kwenye mipangilio, nimepima tena kwa soksi, mashine haichelewi. Nimepiga, na karibu wimbo wote niko sawa, nasema hivyo bila kujisifu. Lakini baada ya kile kimya, kiitikio kinaporudi, nachelewa. Kidogo tu. Nimerudia sana, na haiwi vilevile: mara zaidi, mara kidogo, mara moja nilisahau kabisa kuingia. Kwa elimu yako ya sketi, hapo si futi. Hapo ni mkono. Pengine ni umri, pengine sikio. Pengine ni kwa kuwa hapo ndipo ninapokiona kile kitanda, na siku ile nikipiga ule ubao nilikuwa namtazama yeye, simtazami mtu mwingine.

Nilikuomba ukweli, na leo nakuletea mimi. Kuchelewa kulikobaki hapo ni kwangu mwenyewe. Naomba usinisogeze.

Nyundo

*

14 Juni

Shemeji,

Nimesikiliza pale baada ya kimya. Umechelewa, ni kweli. Sikukusogeza.

Kwanza nilijaribu kuacha kila kitu kama kilivyo, gita langu mbele na wewe ukija. Ikasikika vibaya, na aliyesikika vibaya ni mimi. Nilikuwa kama mtu aliyeingia ndani na kumfungia mwenzake mlango. Nikakaa nikajiuliza, hivi nani alisema mimi nianze? Kule kumbini ulikuwa unaanza wewe. Kaka yako alikuwa anakutazama, hakuanza kabla yako hata siku moja. Huku nyumbani nikakuweka mwisho kwa sababu tu kompyuta ilifika kwangu kwanza.

Basi nimefuta gita langu na sauti yangu. Vyote, na ile sauti ya pili pia. Ikabaki tumba yako peke yake kwenye skrini, vilima vyako, na ile tambarare ya katikati. Nikafunga duka, nikaingia stoo, nikahakikisha ule muda wa mashine yangu umeandikwa kwenye mipangilio, nikavaa hedifoni. Nikauimba upya, gita na sauti, juu yako.

Nilikwenda kila ulikokwenda. Tulipofika kwenye kimya, sikuhesabu. Nilikaa na pumzi yangu nikakungoja. Nilikungoja mpaka nikaanza kuogopa kwamba hurudi, na hapohapo ukarudi, nikaingia na wewe.

Koo halikufunga. Sikutafuta mkasi.

Flashi imo humu ndani. Nimeusikiliza wimbo wote, shemeji, tena na tena, na sipaoni mahali ulipochelewa.

Chiriku